Farasi wa Kamanda Gervasi

Kamanda Gervasi wa Bangwe, Kigoma, alipigana vita vya Kagera kwa miezi minane, halafu akaendelea kuvipigana kwa mdomo kwa miaka kumi na minane, na hivi vya pili ndivyo vilivyowachosha watu. Kufikia mwaka tisini na saba hapakuwa na mvuvi wala muuza mawese pale ufukweni ambaye hakuweza kusimulia jinsi Kamanda alivyokivusha kikosi chake mto, yeye mbele, bastola mkononi, risasi zikimpita masikioni. Kila mwaka mto ule uliongezeka upana. Watu walimpigia saluti akipita, wachache kwa heshima kidogo na wengi kwa utani mtupu, naye alizipokea zote bila kuchagua.

Anatoli hakuthubutu kucheka. Alikuwa mgeni, na mgeni hachagui wa kumcheka. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kalemie, ng'ambo, mwezi wa pili, mtu wa miaka hamsini na miwili, na mali yake yote ilikuwa brashi saba ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa pia na binti mmoja, Mapendo, lakini huyo hakuwa naye. Mapendo alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Moba, ng'ambo hukohuko, wiki moja kabla bunduki hazijafika Kalemie, na tangu hapo hakuna boti iliyomleta wala mtu aliyeleta habari zake. Anatoli aliziendea boti zote. Zikikaribia alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, akaangalia nyuso moja baada ya nyingine, kisha akarudi kazini kwake na suruali imelowa vilevile.

Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya boti na kuchora vibao vya vinyozi. Aliifanya vizuri mno kwa ile bei, ila alikuwa na kasoro moja iliyowakera wateja. Chini ya kila jina la boti, kwa herufi ndogo za njano, aliongeza maneno yake mwenyewe: *Anatoli wa Kalemie yuko Bangwe.*

"Boti yangu inaitwa Subira," mwenye boti mmoja alimfokea. "Huyo Anatoli ni nani humu ndani?"

"Ni mimi, bwana. Kama boti yako ikifika Moba, mtoto wangu atasoma."

Mwenye boti alikuna kichwa, akatazama pembeni, akaacha maneno yabaki. Boti kumi na moja zilikuwa zinazunguka ziwani na maneno yale.

Ndipo likaja gari lenye kipaza sauti. Likatangaza kwamba mkimbizi yeyote anayeishi mitaani ajiandae; Jumanne ya wiki ijayo malori yangepita kuwapeleka wote kambini. Wangebaki wale tu wenye mwenyeji wa kuwadhamini na barua yenye mhuri. Anatoli hakuogopa kambi kwa ajili ya uji wake wala mahema yake. Aliogopa kwa sababu boti kumi na moja zingekuwa zinasema uongo ziwani, na siku Mapendo akishuka pale Bangwe angeambiwa baba yako alikuwepo, hayupo. Hofu hiyo ilimkosesha hamu ya kula.

Siku ya pili yake Kamanda Gervasi akamjia kibandani, amebana karatasi kwapani.

"Anatoli, mimi nitakudhamini," alisema kabla hata ya salamu. "Bwana Oswald, yule afisa wa barua, Jumapili anakula chakula kwangu. Nitamwambia huyu mkimbizi ni wa kwangu, na neno langu unalijua. Lakini na wewe una kazi ya kunifanyia."

Akaikunjua ile karatasi. Ilikuwa kurasa mbili za jarida la Kifaransa la zamani sana, ambalo mapadri walikuwa wamelitupa pamoja na mengine, na mama mmoja alikuwa karibu kulifungia karanga Kamanda alipoliokoa. Ukurasa wa kwanza ulijaa picha nzima. Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta kutoka Ulaya, ya karne iliyopita: askari wamejipanga mstari mrefu, makoti mazito hadi miguuni, kofia zimekaa upande, wengine wameegemea bunduki zao. Sajenti alikuwa mbele yao na karatasi mkononi. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi chini, na mwenzake ameinama kumtazama. Pembeni kabisa palikuwa na ofisa juu ya farasi, na ardhi yote chini yao ilikuwa nyeupe.

Mkewe Kamanda, Mama Elida, aliyekuwa akianika dagaa hatua tano kutoka pale, alisogea akachungulia.

"Mawe, mama yangu!" alishtuka. "Mbona wamekanyaga dagaa wa watu hivi? Hakuna wa kuwafukuza?"

"Hiyo ni theluji, mama watoto."

"Theluji gani inayong'aa hivyo? Hao ni dagaa, tena wa kukauka jana. Na huyo aliyelala hapo atanuka wiki nzima."

Anatoli hakuwasikia. Alikuwa anasoma ukurasa wa pili, kwa maana mapadri wa Kalemie walimfundisha Kifaransa pamoja na kuchora, na kadiri alivyosoma ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Imeandikwa nini?" Kamanda aliuliza. "Ni ushindi gani huu?"

"Si ushindi, Papa Kamanda. Ni asubuhi, vita vimeisha, wanaitwa majina ili wajulikane ni nani amebaki." Alipitisha kidole kwenye mistari. "Wanasema zamani zile wachoraji wengine walichora majenerali, panga juu, bendera juu, hata mwenye kufa anakufa vizuri, nywele zimechanwa. Huyu mchoraji akakataa. Akaita askari wenyewe, wale waliokuwepo, waje na makoti yao yaliyochanika wasimame mbele yake. Akawachora walivyo, wamechoka, na yule mdogo kabisa akawekwa mbele. Mkubwa akasukumwa kwenye kona. Picha ilipotundikwa watu walipanga foleni barabarani. Wazee waliopigana walivua kofia, wengine wakalia, kwa sababu hawakuwahi kuona picha ya vita inayosema kweli."

Alikuwa ameona wivu, ule wa kweli. Maisha yake yote alikuwa na sheria moja, kwamba hachori kitu asichokiona kwa macho yake, na kwa sheria hiyo wateja wa Kalemie walimwona mkaidi na mkewe marehemu alimwona mpumbavu. Kumbe palikuwa na mtu Ulaya, miaka mia na zaidi iliyopita, mwenye ugonjwa huohuo, na watu wakampangia foleni.

"Safi kabisa," alisema Kamanda. "Basi nichoree hiyohiyo. Askari wawe wa kwetu, mimi nikae kwenye farasi. Ila usiniweke kwenye kona. Mlete farasi katikati."

"Papa Kamanda, farasi sijaonaka hata siku moja."

"Si huyo hapo kwenye karatasi?"

"Huyo aliona mwenzangu. Mi nachoraka kile naona."

Kamanda akafikiri. "Mchore ng'ombe, halafu umkate pembe."

Mama Elida aligeuka haraka kuelekea kwenye dagaa wake, na mabega yakawa yanatikisika.

"Bila farasi hakuna barua," Kamanda alimaliza, akaondoka kwa mwendo wa gwaride, na mchanga ukimpunguzia fahari kila hatua.

Anatoli akaanza kazi. Turubai hakuwa nalo, akachukua mifuko miwili ya unga wa msaada, akaifumua, akaishona pamoja, akaiwamba kwenye fremu ya miti na kuipaka rangi nyeupe. Maneno ya wafadhili, kwamba unga huu hauuzwi, yaligoma kufunikwa, akaamua yatakuwa mawingu. Tatizo likabaki watu. Kamanda alimwagiza achore vijana warefu wenye vifua. Lakini vijana wa Bangwe waliposimamishwa kwenye mstari walitabasamu, wakatunisha misuli, mmoja akavaa miwani ya jua. Hakuna aliyekuwa na uso wa mtu anayesubiri kusikia jina.

"Nyuso za aina hiyo ninazo mbili," alisema Mama Elida. "Waite Dotto na Leodgar. Walikuwa kikosi kimoja na mume wangu." Kisha akaongeza, huku akipuliza vumbi kwenye ungo kama mtu asiye na habari: "Ila usimwambie mwenyewe kwamba ni mimi niliyekutuma."

Dotto alikuwa mshona nyavu, mguu wake wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Leodgar alikuwa mlinzi bandarini, mrefu, mkimya, mwenye kovu kwenye kidevu. Walikuja Alhamisi asubuhi na makoti mazito ya mitumba waliyoazima sokoni, wakasimama kwenye jua la mwezi wa nane wakitokwa jasho, miguu ndani ya dagaa wa Mama Elida, ambaye siku hiyo, ajabu, hakumfokea mtu. Anatoli aliwapanga. Akawaambia wafikiri kwamba ni asubuhi ya baada ya vita, na kwamba majina yanaitwa.

Hakulazimika kusema zaidi. Mabega yao yalishuka yenyewe. Anatoli akachora kwa saa nzima bila kupumua vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu Kalemie alijisikia ni fundi na si mkimbizi mwenye brashi.

"Sasa nionyesheni," alisema mwishowe. "Kamanda alikuwa upande gani?"

Dotto alimtazama Leodgar. Leodgar alimtazama Dotto. Kisha Dotto alicheka mpaka ule mguu mfupi ukashindwa kumbeba, akakaa chini juu ya dagaa.

"Kamanda!" alisema alipopata pumzi. "Ndugu yangu, Gervasi alikuwa nyuma ya sufuria. Alikuwa mpishi wetu. Bastola yake ilikuwa mwiko."

Anatoli aliteremsha brashi. Aliiona barua yake ikipeperuka ziwani.

"Usicheke sana," Leodgar alimwambia Dotto. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile. "Mwambie na habari ya sahani."

Dotto akaacha kucheka. Akasimulia, akichezea dagaa mmoja kwenye kiganja. Asubuhi moja baada ya mapigano kikosi kilipangwa, majina yakaitwa, na majina manane hayakuitika. Hakuna aliyetaka kula. Gervasi alikuwa ameamka usiku kupika, dagaa wa Kigoma kwa mawese, na alikuwa amepika kwa hesabu ya jana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia mpishi. Akaja na sufuria, akapakua sahani zote. Zikabaki nane. Sajenti akamwambia azirudishe sufuriani, wenye njaa waongezewe. Gervasi akakataa. Alizipanga zile sahani nane chini, akazifunika kwa majani ya mgomba, akasimama mbele yake na mwiko, mtu mfupi yule, akasema aliyeitwa na hajaitika, chakula chake bado kipo. Alisimama hapo mpaka jioni.

"Wawili walirudi," alisema Leodgar. "Walikuwa wamepotea porini, wakatokea jua linazama. Walikuta chakula chao."

"Mmoja alikuwa yeye," Dotto alisema, akimwonyesha Leodgar kwa kidevu.

Walivua makoti, wakayakung'uta, wakaenda zao. Anatoli alibaki na picha, na shida yake. Kweli ilikuwa imesimama mbele yake wazi. Lakini Gervasi kwa miaka kumi na minane alikuwa amejificha asionekane karibu na jiko. Nyumbani alijifanya hata maji ya chai hajui yanachemkaje, maana Bangwe mwanaume anayepika huimbiwa nyimbo. Ukimchora na mwiko mbele ya wageni umemwua. Na akifa Kamanda, barua inakufa naye.

Basi Ijumaa Anatoli alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa chini kuchora farasi. Alianza na tumbo, likatoka zuri, duara, lenye uzito. Baada ya tumbo mambo yakaharibika. Miguu ilitoka ya meza. Shingo ilitoka ya bata. Kichwa akakifuta mara nne, na mara ya tano kikamtazama kwa macho ya mbuzi aliyepewa habari za msiba. Mama Elida alipita na ungo, akasimama, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu mnyama anaumwa nini?" aliuliza.

"Ni farasi, Mama."

"Aa." Aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. "Tumbo umelipata. Tumbo hilo mimi ninalijua, lina masizi, liko uvunguni mwa kitanda chetu. Kila nikiugua analitoa, anafunga mlango, ananipikia. Halafu ananiapisha nisiseme." Akaweka ungo begani. "Nimeapa sitasema. Sikuapa kwamba mtu mwingine asichore."

Akaenda zake. Anatoli alilitazama tumbo la farasi. Akaitazama ile karatasi ya jarida, yule mchoraji wa zamani aliyemsukuma mkubwa kwenye kona, na akajiuliza kama naye alikuwa na lori linalomsubiri Jumanne. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafuta shingo, akafuta kichwa, akafuta miguu minne ya meza. Tumbo akaliacha. Akaliongezea mishikio miwili.

Jumapili baada ya ibada Bwana Oswald alifika. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, kalamu mbili mfukoni, na sifa yake Kigoma nzima ilikuwa kwamba hanunuliki. Hata soda ya ofisini alijinunulia mwenyewe. Dotto na Leodgar walikuwa wamekwisha keti kwenye benchi, na Kamanda alipowaona alikunja uso, lakini wageni hawafukuzwi mbele ya wageni. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa kwa kanga ya Mama Elida. Kamanda alimpa Bwana Oswald mto wake wote kuanzia ukingo hadi ukingo, na siku hiyo mto ulikuwa na mamba.

"Na sasa," alisema, "mtajionea kwa macho." Akavuta kanga.

Askari walikuwa kwenye mstari, makoti yamewalemea, mmoja ni Dotto, mmoja ni Leodgar alivyoweza kuwa miaka kumi na minane nyuma. Miguu yao ilikuwa ndani ya weupe uliong'aa, na ukitazama karibu uliona kila dagaa na jicho lake. Sajenti alikuwa kwenye kona, mdogo, na karatasi yake. Katikati palikuwa na sufuria kubwa nyeusi, na nyuma ya sufuria mtu mfupi mwenye mwiko mkononi, amenyooka kuliko wote. Chini mbele yake zilipangwa sahani nane zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Askari wote walikuwa wanamtazama yeye.

Shingo ya Kamanda ilivimba. "Farasi wangu yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Papa Kamanda," alisema Anatoli, "nilijaribu. Sikumwona. Hiki ndicho nilichoona."

"Mimi nilikwambia..." Hakumaliza. Benchi lilikuwa limegonga ukuta. Leodgar alikuwa amesimama. Alivua kofia yake ya ulinzi, akaibana kwapani, akaunganisha visigino, akapiga saluti, na kwa mara ya kwanza ufukweni pale saluti aliyopigiwa Gervasi haikuwa na utani hata chembe. Dotto naye akasimama, kwa shida, akapiga yake. Walibaki hivyo.

Kamanda aliwatazama. Akaitazama picha. Akaanza kuzihesabu sahani kwa kidole, midomo ikitikisika, na alipofika nane akakaa chini palepale sakafuni na suruali yake ya ibada. Anatoli alisubiri matusi.

"Siku ile," alisema Gervasi, "chumvi ilizidi."

"Ilizidi mno," alisema Leodgar.

"Ilikuwa giza. Nilitia mara mbili."

"Nililia kwa sababu ya chumvi," alisema Leodgar, mkono bado kwenye kipaji cha uso. "Niliwaambia wote hivyo."

Dotto akapasuka kicheko, Mama Elida akampokea, na mwishowe Gervasi mwenyewe akacheka huku akifuta macho kwa ile kanga. Bwana Oswald, ambaye hakuelewa zaidi ya nusu, alitoa kalamu moja mfukoni akairudisha.

"Basi, Kamanda," alisema Mama Elida, "na mimi leo miguu inaniuma. Jiko lile pale, sufuria unajua ilipo."

Gervasi aliinuka. Alivua koti la ibada, akalitundika kwenye msumari, akaingia chumbani, akatoka na sufuria nyeusi ameibeba kwa mikono miwili mbele ya wageni wake, mlango wazi, majirani wanachungulia. Hakuna aliyeimba wimbo. Pengine walikuwa bado wanauandaa.

Chakula kilikuja: ugali wa muhogo na dagaa kwa mawese. Gervasi alipakua mwenyewe. Waliokuwepo walikuwa sita, yeye na mkewe, Anatoli, Dotto, Leodgar na Bwana Oswald. Akapakua sahani sita, akapakua na ya saba, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mkekani kando ya Anatoli.

Bwana Oswald alinawa, akala matonge mawili, kisha akafungua faili lake kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kazi duniani.

"Mwenyeji ni Gervasi, mpishi mstaafu wa jeshi," alisema, akiandika. Gervasi alimeza tonge, hakubisha. "Mdhaminiwa Anatoli, mchoraji. Kaya yake ina watu wangapi? Nieleweke vizuri. Nitakayemwandika humu ndiye atakayeruhusiwa kukaa hapa. Asiyeandikwa, siku akikutwa, anakwenda kambini peke yake."

Anatoli alifungua mdomo kusema mmoja. Ndicho alichokuwa akikiona.

"Wawili," alisema Gervasi.

Bwana Oswald aliinua macho. "Mimi namwona mmoja. Wa pili yuko wapi?"

"Sahani yake hiyo hapo."

Afisa aliitazama sahani. Akageuka taratibu kuitazama picha ukutani, akazipitia zile nane kwa ncha ya kalamu, moja moja, bila kuharakisha. Kisha akamgeukia mchoraji.

"Mzee Anatoli, nimeambiwa wewe ni mtu wa kusema unachokiona tu. Sitamuuliza mwingine. Unaona nini hapo kando yako?"

Mvuke ulikuwa unatoka taratibu kwenye ukingo wa ile sahani.

"Naona chakula," alisema.

"Cha nani?"

"Cha Mapendo. Mtoto wangu."

Bwana Oswald aliandika. Aliandika kwa utulivu, akapuliza wino, akatoa mhuri kwenye mkoba wake na kuugonga mara moja, kwa nguvu, sahani zikaruka. Kisha akaurudisha mkoba begani na mkono wake kwenye ugali.

Anatoli alikula akiwa ameinamisha kichwa. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na Leodgar aliyekuwa ameketi jirani yake akamsogezea bakuli la maji.

"Ni chumvi," Leodgar alimwambia. "Imezidi tena."